Ngara Ilivyojifunza Kurusha Mawimbi

Mtambo wa kale zaidi wa kurushia mawimbi ninaoujua katika upande wetu wa Ziwa Viktoria uliangushwa na Waingereza mwezi Juni 1915. Wajerumani walikuwa wameusimika Bukoba, wakawa na mwingine Mwanza, ili maboma ya ziwani yasemezane na kwingine bila kutegemea waya wa simu ambao mtu yeyote angeweza kuukata kwa panga usiku. Vita ilipoanza, mnara huo ukawa shabaha. Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana kwa siku mbili hivi, wakaingia mjini tarehe 23, wakaubomoa mtambo, wakapora nyumba, wakapanda meli zao na kurudi. Hawakuwa na haja na mji. Waliufuata mnara.

Naanzia huko makusudi. Vijana wanaokuja kibandani kwangu hapa Ngara mjini kuulizia moduli za kurushia na kupokelea mawimbi hudhani kazi hii imeletwa na intaneti juzi tu. Wanataja namba za vibao vile kama wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga. Mimi ni fundi redio, na huwaambia kwamba mkoa huu una mitambo ya kurushia tangu zamani za babu zao, ila karibu muda wote huo mtu wa kawaida wa Ngara au Biharamulo alikuwa msikilizaji tu. Kupokea tuliruhusiwa mapema. Kurusha kulikuwa kwa boma, kwa polisi, kwa misheni, na baadaye kwa mashirika yenye magari meupe.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia wakitokea Rwanda na Burundi, wakaichukua Biharamulo pamoja na boma la Wajerumani ambalo hadi leo lipo. Baada ya vita Waingereza walishika nchi, na kwa miaka mingi habari ziliendelea kutembea kwa miguu ya tarishi. Redio ya watu ilikuja kwa kuchelewa. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951, lakini kipokezi cha wakati ule kilikuwa sanduku la mbao lenye valvu za kioo zinazokula umeme kama hazina akili, na umeme wenyewe ilibidi utoke kwenye betri nzito za kubebwa na mtu mzima. Huku kwetu alikuwa nalo padri, mfanyabiashara mmoja mmoja, pengine mtemi.

Kilichobadilisha mambo ni tranzista. Iligunduliwa Marekani mwaka 1947, na kufikia miaka ya 1960 redio inayotumia mawe machache ya betri ilikuwa inabebeka begani. Kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilijenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo, na jina la National likaenea hadi vijiji ambavyo gari halikufika. Nyumbani kwetu Rulenge redio ya baba ilikuwa National, imevishwa gamba la ngozi lenye matundu. Ilisimama juu ya kabati, na waya mwembamba wa shaba ulitoka nyuma yake, ukapita dirishani, ukapanda hadi kwenye mparachichi. Bila waya ule, Radio Tanzania kwa masafa mafupi ilikuja na kuondoka. Ukiwepo, baba alisikia taarifa ya habari yote, na sisi watoto tulikatazwa kutundika nguo juu yake.

Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo zilianikwa. Kila nyumba yenye redio ilikuwa na mawe yamepangwa juani juu ya bati au jiwe, yakigeuzwa mchana. Wapo wasomi waliolicheka jambo hilo. Mimi kama fundi nasema halikuwa ujinga: joto huichangamsha kemikali iliyobaki ndani, betri ikakupa taarifa ya habari moja au mbili zaidi kabla haijafa kabisa. Haikujazwa chaji mpya, ila ilikamuliwa.

Katika kupokea huko tulikuwa hodari. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa katika vikundi kuizunguka redio, kiongozi wa kikundi ana kitabu mkononi, kipindi kikiisha wanajadili na kwenda kuchimba choo. Watu wapatao milioni mbili nchini walishiriki. Novemba 1978, Idi Amin alipokuwa ameteka ardhi ya kaskazini ya mto Kagera, hotuba ya Mwalimu Nyerere ilitufikia kwa njia hiyohiyo. Mkoa wetu wakati huo ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Lakini angalia mpangilio wake. Dar es Salaam inasema, Ngara inasikia. Kama mtu wa Rulenge alikuwa na la kujibu, aliandika barua, akaipeleka posta, na barua ikaenda kwa basi.

Aliyekuwa na uwezo wa kujibu papo hapo ni mwenye simu ya upepo. Polisi walikuwa nayo, boma lilikuwa nayo, na hospitali za misheni. Niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa kijana: sanduku la rangi ya kijivu mezani, kipaza sauti chenye kamba ya kujikunja, daftari la zamu, na saa ya ukutani iliyoogopwa na wote, kwa kuwa kila kituo kilikuwa na dakika zake za kuita. Ukikosa zamu, umekosa hadi jioni. Mpiga simu alisema "ova", akaachia kitufe, na chumba kizima kikanyamaza kusikiliza mvumo. Dawa, damu, ndege ya kumchukua mgonjwa, vifo: yote yalipita pale. Mlango ulikuwa na kufuli.

Kufuli halikuwa kizuizi pekee. Kizuizi cha pili ni ardhi yenyewe, na hapa ndipo historia ya Ngara inapotengana na ya mahali tambarare. Wilaya yetu ni mgongo baada ya mgongo, mabonde yamekatwa na mito inayokwenda kuungana: Ruvubu unakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Ukisimama mjini unaiona Burundi. Ukishuka bondeni huoni hata shamba la jirani aliye nyuma ya kilima. Mawimbi yana tabia mbili ambazo zinahusika hapa. Yale marefu zaidi, ya HF (ambayo redioni huitwa masafa mafupi), hupanda angani, hugonga tabaka lenye chaji kule juu, na kurudi chini mbali, kilima hayakijui. Yale mafupi zaidi, kuanzia VHF kwenda juu, husafiri karibu na mstari ulionyooka, na kilima kwayo ni ukuta. Ndiyo sababu simu za upepo za zamani zilikuwa za HF. Ndiyo sababu pia ukaribu haukuwa na maana sana: Kigali, saa chache tu kutoka Rusumo, Deutsche Welle walikuwa na kituo chao cha kurushia kuanzia 1965 hadi 2015, lakini mawimbi yake yalilengwa nchi za mbali, si kilima cha pili.

Kisha ikaja Aprili 1994.

Tarehe 28 na 29 mwezi huo, ndani ya takriban saa ishirini na nne, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Umoja wa Mataifa ulisema haujawahi kuona wakimbizi wengi kiasi hicho wakivuka kwa kasi ile. Walikaa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyowahi kupiga kambi hapo. Waandishi wa habari waliandika kwamba kwa idadi ya watu sasa ule ulikuwa mji wa pili Tanzania baada ya Dar es Salaam. Zikafuata Lumasi, Musuhura, na kwa Warundi, Lukole. Kuni zikaisha milimani. Bei ya ndizi ikapanda. Na Ngara, ambayo simu zake za upepo zilikuwa za kuhesabika, ikajaa antena.

Kila Land Cruiser nyeupe ilikuwa na fimbo ndefu mbele, imefungwa kwa kamba ipinde nyuma. Kila ofisi ya hema ilikuwa na waya juu ya nguzo mbili. Mimi niliajiriwa na shirika mojawapo, kazi yangu ikiwa kuchaji betri za redio za mkononi, kupanda nguzo na kukata waya. Huko ndiko nilikojifunza hesabu ambayo ningali naitumia. Chukua 143, gawanya kwa masafa kwa megahezi, jibu ni urefu wa antena ya waya kwa mita, ncha hadi ncha, umeulisha katikati. Kwa megahezi 7 unapata mita 20 na kidogo. Tulikata waya mrefu kuliko jibu, tukautundika, tukapima nguvu inayorudi, tukashuka, tukapunguza sentimita kadhaa kila upande, tukapanda tena. Mchana tulitumia masafa ya juu, usiku ya chini, kwa kuwa tabaka la angani hubadilika jua linapozama. Mle kambini, kwa mazungumzo ya karibu, kulikuwa na redio za VHF za mkononi. Hizo zilitaka kituo cha kupokezana juu ya kilima, ambacho hupokea kwa masafa haya na kurusha kwa masafa yale, na kilima kikawa mnara wa bure.

Redio ilikuwa na sura nyingine pia, na siwezi kuiruka. Wengi wa waliovuka daraja lile walikuwa wametoka nchi ambako kituo cha FM, RTLM, kilichoanza mwaka 1993, kilikuwa kikichochea mauaji. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu wake mwaka 2003. Katika kambi walikuwapo walionusurika, walikuwapo wauaji, na wengi zaidi walikuwapo waliofuata umati. Wote walitaka redio. Nikitoka kazini nilitengeneza vipokezi sokoni Benaco, nikalipwa kwa mahindi na mafuta ya msaada. Spika zilizochanika, spindeli ya kutafutia stesheni iliyokatika uzi, betri zilizovuja zikala chuma. Mteja alikaa pembeni yangu mpaka redio iwake, na akiisha kuiwasha alizungusha kitufe polepole mpaka apate sauti ya lugha yake. Jioni walikusanyika kusikiliza matangazo ya BBC ya Kinyarwanda na Kirundi, Gahuzamiryango, yaliyoanzishwa mwaka huohuo kuwasaidia ndugu waliopotezana: jina la mtu, mahali alipotoka, anayemtafuta.

Mwaka 1995 shirika la Majesuti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lilianzisha Radio Kwizera hapa Ngara. Nataka msomaji apime ukubwa wa jambo hilo. Sheria iliyovunja ukiritimba wa redio ya serikali ilikuwa ya mwaka 1993 tu. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inazoea vituo binafsi. Na wilaya ya mpakani, isiyo na lami hadi kila kata, ikapata mtambo wake wa FM, ukizungumza Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, ukieleza kipindupindu, shule, mgao wa chakula, na nani anamtafuta nani. FM ni ya mstari ulionyooka, kwa hiyo milima iliyotutesa siku zote sasa ikatusaidia: weka antena juu ya mgongo mrefu, na mabonde mengi yanakaa chini ya macho yake. Bonde lililogeuka upande wa pili halipati kitu. Fundi hawezi kuliombea dua.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, na Benaco ikabaki udongo mwekundu na visiki. Warundi waliendelea Lukole kwa zaidi ya miaka kumi. Mashirika yalifungasha, nguzo zikang'olewa, vifaa vingine vikauzwa kwa mnada na kuishia kwenye mabenchi ya mafundi kama mimi. Kituo cha Radio Kwizera kilibaki, na wasikilizaji wake wakawa wenyeji wa Ngara, Biharamulo, na hata waliorudi ng'ambo ya mto. Mwenyeji alianza kusikia sauti ya mtu wa kijiji anachokijua ikitoka kwenye redio. Hakuwa amepata ufunguo, ila mlango ulikuwa umefunguka kidogo.

Simu za mkononi nitazipita haraka, maana kila mtu anaijua hadithi yake. Tulipanda vilima kutafuta mtandao, simu imenyanyuliwa juu, na karibu na mpaka ilipokea ujumbe wa kukukaribisha Rwanda au Burundi wakati umekaa nyumbani kwako. Basi za kwenda Mwanza zilikuwa zikipita pori la Biharamulo kwa msafara wa polisi kwa sababu ya majambazi, na kabla ya minara ya simu kufika huko, ile redio ya polisi ndiyo iliyokuwa sauti pekee kwenye barabara. Simu ni kifaa cha kurusha, kweli. Lakini unarusha kwa ruhusa na kwa bei ya kampuni. Bila mnara wake umeshika taa tu.

Kibao kidogo cha moduli ndicho cha kwanza ambacho mtu wa hapa anakinunua, kinakuwa chake, na kinarusha bila kumwomba mtu vocha. Kinatoka Kariakoo kwa basi kikiwa kimefungwa kwenye plastiki. Cha bei ya chini kabisa kinauzwa kwa jozi, kirushi kimeandikwa FS1000A na kipokezi chake, vikifanya kazi kwenye megahezi 433. Wanafunzi wa sekondari huinunua jozi hiyo kwa wingi, kisha hurudi wakisema haifiki hata mwisho wa darasa. Nikiitazama, sehemu ya antena ni tundu tupu. Huwauzia waya. Kwa 433 wimbi lina sentimita 69, robo yake ni sentimita 17.3, unakata waya mgumu wa urefu huo, unaulehemu kwenye tundu, unausimamisha wima kwenye kirushi na kwenye kipokezi vilevile. Ni hesabu ileile ya nguzo za 1994, isipokuwa sasa inaingia mfukoni. Jozi iliyokuwa ikifa kwenye mita chache inavuka uwanja wa mpira.

Kipokezi cha jozi hiyo kina asili inayonipendeza. Kinatumia mbinu ambayo Mmarekani Edwin Armstrong aliibuni mwaka 1922, ya saketi inayojirudishia sauti yake mpaka ukingoni mwa kupiga mayowe, ikazimwa, ikaachiwa tena, mara maelfu kwa sekunde. Ni rahisi na ina masikio makali, lakini kukiwa kimya inaropoka; ukiunganisha kwenye kompyuta ndogo utaona herufi za uongo usiku kucha. Kipokezi cha bei juu kidogo, kama kile wanachokiita RXB6, kinatumia mbinu nyingine ya Armstrong huyohuyo, ya mwaka 1918, ya kuyashusha masafa kwanza ndipo kuyachuja. Na FM ya Radio Kwizera nayo ni yake, ya 1933. Nunua kirushi cha bei rahisi, lakini kipokezi nunua cha 1918. Ndivyo ninavyowaambia, na wanacheka.

Kuna wanaotaka moduli ya nRF24L01 kwa sababu ina kasi. Ni nzuri ndani ya chumba. Inatumia gigahezi 2.4, na majani ya mgomba yamejaa maji ambayo huyameza mawimbi hayo. Katika shamba la Ngara, ambako nyumba imezungukwa na migomba pande zote, inakata tamaa mapema. Inataka pia volti 3.3 zisizotikisika, kwa hiyo mimi huwa nalehemu kapasita kwenye miguu yake kabla mteja hajaondoka. Kwa umbali nawapeleka kwenye LoRa, ambayo hutuma maneno machache, polepole, kwa mlio unaopanda ngazi ya masafa kutoka chini hadi juu, na kipokezi kinaweza kuutambua hata ukiwa chini ya mvumo. Hapo wawe macho na namba. Moduli za 915 zilitengenezwa kwa ajili ya bara la Amerika; kwetu masafa hayo yanapakana na ya simu za 900. Sisi tuko Kanda ya Kwanza ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, pamoja na Ulaya, na ya 433 ndiyo ninayoiweka kabatini.

Kikundi kimoja cha wanafunzi kilitaka kujua kina cha maji kwenye tangi lililo upande wa pili wa mgongo, ili mtu asipande kila asubuhi kuchungulia. Walileta LoRa mbili. Nikawauliza kama tangi linaonekana kutoka shuleni. Halionekani. Basi, nikasema, mnahitaji ya tatu, juu kileleni, yenye paneli ndogo ya jua na betri, ipokee upande huu na kurudia upande ule. Walisikitikia bei. Wakaichanga. Sasa inafanya kazi, isipokuwa mvua kubwa ya masika inapoficha jua kwa siku mfululizo na betri ikashuka.

Juzi kijana mwingine alikuja na kirushi cha FM alichokiagiza, cha wati kadhaa, anataka kupiga muziki wa mtaani. Nilikataa kumkatia antena. Bendi ya FM inatolewa leseni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, na hapa mpakani kilele kimoja kinaonwa na nchi tatu. Ukirusha hovyo unamzibia mtu wa Burundi taarifa yake ya habari. Nilimwonyesha za 433, nguvu ndogo, ambazo anaweza kuchezea nyumbani bila kumkera mtu. Hakupendezwa. Aliuliza leseni ya redio ya jamii inaombwaje, na fomu zake zinapatikana wapi. Nikamwelekeza.